Besi ya Baba na Kichwa cha Sangara

Kichwa cha sangara ukikipasua kwa nguvu unakiharibu. Shangazi alinifundisha kuweka kisu nyuma kidogo ya macho, kukibonyeza kwa kiganja, kisha kukigeuza taratibu mpaka fuvu lifunguke lenyewe. Vichwa hivyo tunavichemsha supu mtaa wa Kwa Mrombo, mjini, kwenye banda la shangazi karibu na soko, na wateja wengi hawaagizi samaki wa kukaanga mpaka wapate kwanza bakuli la supu. Nimefanya kazi hiyo tangu nimalize darasa la saba. Kwa muda mrefu nilikuwa nauona ubongo wa samaki bila kuuangalia. Ni kitu kidogo cheupe, kimelala ndani ya mafuta laini, na mara nyingi kinatoka na maji ya kuoshea. Sikujua kama itafika siku nitakitafuta.

Baba yangu alipuliza besi katika bendi ya tarumbeta ya usharika wetu, huku juu kwenye miteremko ya Meru. Besi ni lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mpulizaji kama chatu, mdomo wake ukatokea juu ya kichwa. Halipigi wimbo. Linapiga zile sauti za chini ambazo watu hawazisikii mpaka siku zikikosekana. Baba naye alikuwa mtu wa namna hiyo. Mama alifariki nikiwa mdogo, nikabaki mtoto wake wa pekee, na tuliweza kukaa jioni nzima tukimenya ndizi bila kuongea na tusione tatizo. Mimi naona aibu kuongea tangu utotoni. Yeye hakuona haja.

Pombe hakunywa. Babu, baba yake, alikufa na jina la mlevi. Watu wazima wa kwetu bado wanamkumbuka akipita shambani, akiacha mgomba huu akishika ule, na watoto wakimfuata nyuma wakimwigiza. Baba alikua akichekwa kwa ajili ya mzee yule, na siku ya kipaimara chake aliapa kwamba mbege, ile pombe yetu ya ndizi, haitapita mdomoni mwake. Kwenye harusi alikuwa anaishika chupa ya soda juu juu, usawa wa kifua, ili kila mtu aione.

Ndipo akaanza kuyumba. Mwanzo niliona mimi peke yangu. Wakati wa kuchuma kahawa alikuwa anainama kutafuta ndoo kwa mkono kabla hajamwaga, kana kwamba ndoo imehama. Vifungo vya shati vilimchukua muda. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili kama mtoto. Jioni akichoka maneno yalimtoka mazito, yamevutana. Nilimuuliza mara moja, akasema ni uchovu, nami nikaona vizuri tusiendelee.

Wengine waliona kwenye mazishi ya mzee mmoja jirani yetu. Bendi ilitangulia jeneza katika njia ya migombani, baba nyuma kabisa, mahali pa besi. Walipofika kaburini ilibidi wageuke wafanye nusu duara. Baba aligeuka, miguu yake haikugeuka naye. Alianguka na besi juu ya udongo uliochimbwa, na besi likatoa mlio mrefu kwa sababu mdomo wa baba ulikuwa bado haujatoka kwenye kipulizio. Watoto walicheka. Nyuma ya nyumba ya msiba kulikuwa na mbege, kama inavyokuwa, na kila mtu pale alijua ilikaa wapi. Hakuna aliyeuliza kama baba alifika huko nyuma. Walimkumbuka babu, ikatosha.

Katika usharika wetu mtu akionekana ameanguka katika ulevi anatengwa. Maana yake hafiki kwenye Meza ya Bwana, haimbi kwaya, hapulizi tarumbeta, na akifa katika hali hiyo, bendi haimsindikizi. Si chuki. Mlango wa kurudi upo wazi, na unaitwa kurudi kundini. Mtu anasimama Jumapili mbele ya watu wote, anataja kosa lake kwa mdomo wake, anaomba apokelewe, na usharika unamwimbia. Nimeona wengi wakirudi hivyo, wengine wakilia, na baadaye wanapewa mkono mlangoni kama hakuna kilichotokea.

Baba naye akatengwa. Aliyekuja kuchukua besi alikuwa kiongozi wa bendi, ambaye pia ni mzee wa kanisa. Yeye na baba walijifunza tarumbeta pamoja wakiwa vijana, wakipokezana moja. Nilimsalimia shikamoo, akaitika marahaba huku anaangalia chini. Walikaa kwenye benchi nje, besi katikati yao.

"Simama tu useme nimekosa," alimwambia baba. "Dakika mbili. Jumapili inayofuata unapuliza."

"Nimekosa nini?"

"Unajua mwenyewe, ndugu yangu."

"Nitaje kosa ambalo sikulifanya, mbele ya madhabahu?"

Mzee wa kanisa aliweka mkono juu ya besi. Halafu akasema kwa sauti ya huruma kabisa kwamba hata marehemu babu alikuwa hakubali kwamba analewa. Akabeba besi akaenda nalo. Baba alibaki kwenye benchi amekaa upande wake, nafasi ya besi ameiacha vilevile.

Kuanzia hapo alikuwa na neno moja tu. Alitaka arudi kwenye Meza, na apuliziwe siku yake ikifika, lakini arudi kwa kweli, si kwa kukiri pombe. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, watu wakienda mbele kupokea yeye anabaki, ameinamisha kichwa. Nilikuwa namuona kutoka upande wa wanawake. Nilichukia kuona kisogo chake.

Shangazi ndiye aliyesema twende hospitali. Yeye ni mdogo wake baba, anakaa Daraja Mbili, mtu wa maneno mengi, kinyume chetu sisi. "Kama analewa, analewa nini?" aliuliza. "Maziwa? Mtu hata soda anamwachia mgeni aimalizie." Akafunga banda, jambo ambalo halifanyi hata akiwa na homa, tukaenda wote watatu.

Tulikwenda mara nyingi kabla hatujafika kwa mtu aliyejua. Wa kwanza walimpa dawa za presha. Mwisho tulipata daktari mmoja kijana, mwanamke, ambaye hakuuliza kuhusu pombe. Alimwambia baba agusishe kidole kwenye pua yake mwenyewe, kisha kwenye kidole cha daktari, na kidole cha baba kikapita pembeni. Alimwambia atembee juu ya mstari wa vigae, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Baba hakuweza hata kuanza. Alisimama pale, mikono imenyooka pembeni, mtu mzima mwenye koti la Jumapili, na shangazi akageuza uso akajifanya anasoma tangazo ukutani.

Picha ya kichwa ilipotoka daktari aliiweka kwenye kioo chenye taa. Alionyesha kwa kalamu. Sehemu kubwa ya juu, alisema, haina neno. Akateremka mpaka nyuma, chini, juu tu ya shingo. Hapo, alisema, pana ubongo mdogo, na kazi yake ni kupima mwendo. Ukitaka kushika kikombe, huo ndio unaouzuia mkono usipitilize. Ukitaka kugeuka, huo unaiambia miguu igeuke na wewe. Wa baba ulikuwa umesinyaa. Kwenye picha ulionekana kama mti mdogo wakati wa kiangazi, matawi yapo, majani yamepukutika, na kuzunguka kwake ni giza.

Niliitazama picha ile nikaona naijua. Si kwa mtu, lakini naijua. Mbuzi wa Krismasi tunapopasua kichwa chake, nyuma pale kuna kidonge chenye mikunjo, na kisu kikipita katikati unaona ndani mti mweupe. Sauti sijui niliitoa wapi.

"Samaki nao wanao?"

Daktari aligeuka. Nafikiri alikuwa ameamua kwamba mimi siongei. Akauliza kwa nini nimeuliza, shangazi akanijibia kwamba tunauza supu ya vichwa. Daktari akacheka, akavuta kiti, na kwa sababu mgonjwa aliyefuata alikuwa hajafika, akatueleza mambo ambayo nimeyabeba mpaka leo. Nitayaandika jinsi nilivyoyaelewa.

Alisema wanyama wote wenye uti wa mgongo wanao ubongo uliopangwa kwa namna moja. Mtoto akiwa tumboni, kabla hata mama hajajua vizuri kwamba ana mimba, mgongoni pake panajikunja mrija mdogo, na ncha ya mbele ya mrija huo inavimba mahali patatu, mbele, katikati na nyuma. Hapo ndipo ubongo wote unapotokea. Samaki ndani ya yai ni hivyohivyo. Chura, kuku, mbuzi, mtu, wote wanaanza na vimbe tatu, halafu kila mmoja anakuza zake kwa kadiri ya maisha yake. Samaki anakuza zaidi sehemu ya katikati kwa sababu ya macho. Sisi tunakuza mbele mpaka inafunika zingine.

Shangazi aliuliza nani aliyeanza. Daktari alisema hakuna anayeweza kumwonyesha kwa kidole, na wataalamu bado wanabishana, lakini wanaamini ni mnyama mdogo wa baharini wa zamani sana, hana taya, hana mikono, kama mnyoo mwenye kamba mgongoni. Ubongo wake ulikuwa uvimbe tu mwishoni mwa kamba. Kisha likatokea jambo ambalo alilisema polepole ili tulipate. Mwili unajijenga kwa kufuata maelekezo, nayo maelekezo hayo, ambayo aliyaita vinasaba, yananakiliwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Katika viumbe wale wa kale ilitokea maelekezo yote yakanakiliwa zaidi ya mara moja, kama mtu aliyenakili kitabu kizima akabaki na viwili, na baadaye ikatokea tena. Nakala moja iliendelea na kazi ya zamani. Za ziada zikapata nafasi ya kubadilika kidogo kidogo na kufanya kazi mpya, na nyingi ya kazi hizo zilikuwa kujenga kichwa. Bila kosa lile la kunakili, alisema, huenda leo tusingekuwa hapa tunaulizana.

"Na ugonjwa wa baba ni kosa la kunakili pia," aliendelea. "Mahali fulani katika maelekezo yake pana kineno kifupi kinachorudiwa. Mimi ninacho, wewe unacho. Kwake kimerudiwa kupita kiasi. Na kinapopita kwenda kwa mtoto, kinaweza kurudiwa zaidi, ndiyo maana mara nyingine mtoto anaanza kuugua mapema kuliko mzazi."

Nililielewa hilo kuliko yote. Shuleni nilikuwa mwandishi wa mwisho darasani, na mpaka sasa naandika polepole. Mwalimu akifuta ubao mimi bado nipo mstari wa pili. Nilikuwa nikiinua macho kutazama ubaoni na kuyashusha tena kwenye daftari, yanatua mahali si pake, naandika neno ambalo nimeshaliandika. Siku moja mwalimu alisoma daftari langu mbele ya wote, kwamba ng'ombe wanakula majani majani majani majani, na darasa zima likanibatiza jina hilo hadi namaliza shule. Pale hospitali nilikaa nikifikiria kwamba ndani ya baba kuna mtoto kama mimi, anayeandika neno lilelile na hawezi kuacha.

Baba alikuwa anaitazama picha muda wote. Mwisho aliuliza, "Kwa hiyo si pombe."

"Si pombe, baba. Umezaliwa nao."

"Na mzee wangu je? Naye alikuwa anatembea hivi."

Daktari alisema yeye hakumwona, lakini kwa jinsi alivyoelezwa, anadhani hata yule hakuwa mlevi. Baba alivua kofia akaiweka gotini. "Nilikuwa namkimbia njiani," alisema, hakumwambia mtu yeyote. "Nikimwona anakuja napita shambani."

Damu yake ilipelekwa mbali kupimwa, na majibu yaliporudi yalikuwa vilevile. Dawa ya kuponya haipo. Daktari alijitolea kuja mwenyewe kuongea na mchungaji, akisema watu wakielezwa wanaelewa. Kisha akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba kila mtoto wa mgonjwa ama amechukua nakala nzuri ama amechukua ile yenye kosa, nusu kwa nusu, na kwamba siku nikitaka kujua kuna kipimo, ila nisikimbilie.

Nilifikiri baba atafurahi. Alikuwa amepata alichokitafuta, na kazi iliyobaki ilikuwa ya daktari na mchungaji. Badala yake alikuwa kimya kwa namna nyingine. Siku moja aliniambia, "Mama, niletee hicho kitu nikione." Alikuwa ananiita mama, kama wababa wa kwetu wanavyowaita binti zao. Basi kutoka bandani nikaleta kichwa cha sangara. Kuku tulikuwa naye wa kuchinja, na kichwa cha mbuzi nilikipata buchani. Nikavifungua kimoja kimoja jikoni, juu ya jani la mgomba, mchana, mlango wazi ili mwanga uingie.

Ubongo wa samaki ulikuwa vipande vya kupangana, kama maharage machache yaliyowekwa mstari. Viwili vya katikati vya mviringo, ni vya macho, na nyuma yake kimoja kidogo, laini. Wa kuku ulikuwa laini mbele, na nyuma pana kidonge chenye mistari ya kukata, kama kiwavi. Wa mbuzi umejaa mikunjo, na nyuma yake kile kidonge, nikakikata katikati, mti ukatokea. Nilimwonyesha baba kwa ncha ya kisu, hiki hapa, hiki hapa, hiki hapa. Aliinama akaangalia kila kimoja, kichwa chake kikitikisika kidogo.

"Kwa hiyo mimi na sangara ni ukoo."

"Daktari ndivyo alivyosema."

"Na shangazi yako anaukaanga ukoo kila siku pale Kwa Mrombo."

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka mpaka akashika ukuta. Nilimuuliza kama jambo hili haligongani na yale anayoyaamini kanisani. Alifikiri, akasema kwamba Mungu akitumia udongo kumfanya mtu, hakuna ubaya akipitia na kwa samaki, haraka ya nini. Halafu akakigusa kile cha samaki kwa kidole ambacho hakikutaka kufika, kikafika.

"Kimetoka mbali hivi," alisema. "Kimepita kwa wote hawa hakijaharibika. Kimekuja kuharibikia kwetu."

Kisha akaniangalia mikono. Nilikuwa bado nimeshika kisu. Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu, na mimi nikaiweka chini ya kanga. Nilikunja lile jani nikalitupa.

Jumapili iliyofuata asubuhi aliniomba nimfunge vifungo vya shati. Nilipofika cha juu alisema, "Leo nitasema neno kanisani. Usinipinge, mama." Nilidhani amekubali kwamba daktari aje, na anataka kulitangaza. Shangazi alikuwa amepanda kutoka mjini, tukakaa pamoja upande wa wanawake.

Mchungaji alipouliza kama yupo anayetaka kurudi kundini, baba alisimama. Alitembea kutoka benchi la mwisho akishika migongo ya mabenchi, kama babu alivyokuwa akishika migomba, na kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia soli za viatu vyake zikiburuta. Alifika mbele. Mzee wa kanisa, rafiki yake, alimsogelea ili amshike mkono, baba akakataa.

"Nimekosa mbele za Mungu na mbele yenu," alisema. Maneno yalimtoka mazito, yakivutana, na kila aliyemsikia alisikia mlevi. "Nilikunywa pombe. Nilianguka kwenye mazishi kwa sababu ya pombe. Naomba mnipokee."

Nilitaka kusimama. Shangazi alinishika paja kwa nguvu, na nilipomwangalia alikuwa analia, lakini kichwa alikitikisa, usithubutu. Watu waliimba. Wanawake waliokuwa mbele yetu waligeuka wakatupa mkono wa pongezi.

Nyumbani nilimkasirikia kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilimuuliza kwa nini, wakati kweli ipo, na daktari yupo tayari kuja. Alikaa kwenye lile benchi la nje akanieleza polepole, akipumzika katikati ya maneno.

"Wakisema mlevi, mlevi ni mimi. Nikifa, yameisha. Wakisema ugonjwa wa ukoo, ni wewe. Ni shangazi yako na wanawe. Wewe hujaolewa. Kila ukijikwaa njiani watakuhesabia. Mimi nimehesabiwa tangu utoto, najua kulivyo." Akalishika benchi kwa mikono miwili. "Nimemwambia Mungu kweli yote kabla sijatoka nyumbani. Yeye anajua nilichosema ni nini."

Besi lilirudishwa wiki hiyohiyo. Mzee wa kanisa alilileta mwenyewe, limesuguliwa linang'aa, na alikuwa na furaha ya kweli, maana alimpenda baba. Baba alilivaa akavuta pumzi. Ikatoka sauti iliyokatika, kama ng'ombe aliyekabwa. Alijaribu tena, ikawa vilevile. Midomo na pumzi vilikuwa vimeshaanza kukosana, kama mikono na vikombe. Alilivua akaliweka kwenye benchi, akasema taratibu atazoea. Mzee wa kanisa akasema ndiyo, taratibu. Tangu siku ile nilikuwa nalisugua besi kila Jumamosi, kwa sababu aliniomba, ingawa hakulipuliza tena. Lakini kwenye Meza alifika. Nilimsindikiza mimi, na mchungaji alikuwa anasubiri mpaka kikombe kikutane na mdomo.

Alikufa wakati wa mvua za masika, kwa kifua. Chakula kilikuwa kinapita njia isiyo yake. Miezi ya mwisho nilikuwa namlisha uji kwa kijiko, na alipotaka kusema kitu nilikisubiri, tulikuwa tunajua kusubiriana. Bendi ilikuja yote. Ilimsindikiza kupita migombani mpaka kaburini, na nyuma kabisa, mahali pake, alitembea kijana mwingine na besi lake. Sauti za chini nilizisikia. Kisha mzee wa kanisa akasoma wasifu, na kwa nia njema kabisa akasema ndugu yetu alishindwa na pombe kwa kitambo, kama baba yake, lakini alipata neema ya kutubu, vijana wajifunze. Watu wakaitikia amina. Nilisimama pale kwenye udongo wa kaburi la mtu ambaye hajawahi kuonja mbege, nikaitikia na mimi, kwa sababu ndivyo alivyotaka.

Niliitunza siri hiyo zaidi ya mwaka. Kila asubuhi, kabla sijateremka mjini, nilikuwa naingia kati ya mistari ya kahawa natembea kisigino kwa vidole, kama daktari alivyomwambia baba atembee. Kipimo cha damu sijaenda. Naogopa, na sioni aibu kusema hivyo.

Miezi ya karibuni shangazi alianza kumwaga mafuta. Mwanzo kidogo, pembeni ya karai, akajilaumu kwa haraka zake. Halafu akawa anapita bandani akigusa meza, kisha nguzo, kisha mimi. Wote wawili tuliona na hakuna aliyetaja. Juzi Jumamosi, soko limejaa, alikuwa anapeleka bakuli la supu kwa mteja, akageuka, na miguu haikugeuka naye. Hakuanguka, alidaka nguzo, lakini supu yote ilimwagika.

"Mama leo umeanza mapema," mteja mmoja alisema, na benchi likacheka. Mama anayeuza mbogamboga jirani yetu akaongeza, bila ubaya mkubwa, kama mtu anayesema hali ya hewa, kwamba iko kwenye damu hiyo, kaka yake naye alikuwa hivyohivyo, pombe ilimmaliza.

Shangazi alifungua mdomo. Yeye ambaye hakosi jibu, nilimwona anatafuta utani na hakuupata. Nilikuwa na kichwa cha sangara mkononi, nusu kimefunguka. Nilikiweka chini.

"Hajanywa," nilisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie. "Hajanywa. Ni ugonjwa wa ubongo, unarithiwa. Babu alikuwa nao akaitwa mlevi. Baba alikuwa nao, na hakuwahi kunywa pombe hata siku moja. Shangazi anao. Na mimi huenda ninao."

Hakuna aliyecheka. Mama wa mbogamboga aliniangalia, kisha akaniangalia mikono, kama baba alivyoiangalia, na nikajua kwamba kuanzia siku hiyo nitaangaliwa hivyo. Mteja aliyetania aliinuka akaanza kuokota bakuli. Alimwambia shangazi, "Samahani, mama," akamsaidia kukaa.

Baadaye, watu wakiwa wamepungua, shangazi aliniuliza kama nimesema yote.

"Nimesema. Na Jumapili nitamwambia mzee wa kanisa."

"Kaka yangu alikataa."

"Najua, shangazi."

Aliifuta mikono yake kwenye kitenge, mmoja baada ya mwingine, polepole. Mbele ya banda letu kuna mfereji wa maji machafu, na ukingo wake ni wa saruji, mwembamba, umenyooka mpaka kwenye banda la mkaa. Aliuonyesha kwa kidevu.

"Hebu tembea pale nikuone."

Nilivua kandambili nikapanda. Kisigino kwa vidole, kisigino kwa vidole, mikono pembeni. Nilifika mwisho kwenye banda la mkaa, nikageuka, na miguu ikageuka nami, nikarudi mpaka alipokaa.

"Umenyooka," alisema. Akaangalia karai, akaangalia mafuta yaliyomwagika chini, akaniangalia tena. "Leo umenyooka. Haya, lete hicho kichwa, supu imeisha."